Nilitumwa Kisumu Kuuliza

Tororo,
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu mpenzi Nasifu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba Mungu barua hii ikukute umeshiba, maana nakujua, ukiwa na njaa husikilizi mtu. Mgongo wako unaendeleaje? Na hilo joto la Juba, mmelizoea au bado mnalala nje? Yule mwenye gereji uliyesema anakuzungusha na spea, mmepatana au mnanuniana? Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, na wenzetu wa Merikit na Petta wanapanda, kwa hiyo soko limepoa kidogo, vitenge vyangu vinanitazama na mimi navitazama. Fauziya ni mzima, anakusalimu sana. Amekushonea kanzu, na Ochen, dereva mwenzako anayekuja huko, atakupa pamoja na barua hii.

Utajiuliza kwa nini dada yako amejaza karatasi zote hizi na simu ipo. Sababu ni moja: simu unaikata. Ukisikia neno usilolitaka, mara mtandao umepotea. Karatasi haina mtandao. Kwa hiyo kaa chini, agiza chai, usome mpaka mwisho kabla hujanuna.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Kwetu posa haijibiwi kabla ya kuulizia, na wewe uko mbali, kwa hiyo ulinituma mimi nikaangalie kwao Shafiq aliyemposa Fauziya, nijue wazazi wake ni watu wa namna gani, kama nyumba ina dini na adabu, kama huyu kijana wa forodha Busia hana mke mwingine aliyefichwa mahali. Ukaongeza na la pili, kwa sauti ya chini kama vile Fauziya amekaa juu ya simu. Ulisema nikiulizwa neno lolote juu ya afya ya binti yako nifunge mdomo, kwa sababu nikaha ikishapita wao watakuwa ndugu zetu, na ndugu hamkimbii mgonjwa. Nilikuitikia. Moyo wangu haukupenda, lakini baba ni wewe, na mimi ni shangazi tu niliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Leo nauandika ugonjwa wenyewe kwa jina lake, ambalo nyumbani kwetu halitajwi. Kifafa. Fauziya ana kifafa tangu yuko madrasa, anameza dawa zake kila siku, na mwaka huu wote hajaanguka. Nimeliandika jina na karatasi haikuungua.

Sasa, Kisumu ningeingiaje? Mwanamke mgeni wa Kiislamu akitokea mtaa wa Kaloleni anauliza habari za nyumba ya mzee Nasrudin, baba yake Shafiq, hata mbuzi wa mtaani watajua kuna posa. Ndipo Mungu akamleta Rasto. Huyu ni kijana wa Busia ya Kenya, kazi yake ni kutembeza wageni, na alikuja sokoni kwetu kutangaza safari ya siku moja: mnaondoka alfajiri, mnalitembelea jiji la Kisumu na historia yake, mnapanda mashua ziwani, mnakula samaki, jioni mnarudi kwenu. Akina mama wa soko wakacheka, wakasema safari bila mzigo ni wazimu. Mimi nikajiandikisha wa kwanza. Nikasema Rasto atawaonyesha wenzangu mji, na mimi nitauangalia mji na nyumba pia.

Mdogo wangu, unajua mimi na maswali. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa na swali mdomoni. Basi hiyo siku nilikuwa kama mtoto wa Idd. Tulipofika mpakani Busia, afisa alichukua kitambulisho changu akaniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia sina. Akaniuliza nakwenda kununua nini. Nikamwambia nakwenda kutazama ziwa. Alimwita mwenzake aje anione. Wanawake kumi na kitu wa soko la Tororo, wanavuka Busia mikono mitupu, wanasema wanakwenda kutazama maji. Walifungua mpaka mabakuli yetu ya chapati wakitafuta kilichofichwa. Na kwa kweli miaka yote nimevuka pale na furushi kichwani, siku hiyo nilijihisi kama nimetoka nyumbani bila kujifunga leso. Felistus, yule muuza nyanya wa Malaba aliyekuja na binti yake Carol, alinong'ona kwamba tungebeba hata sufuria tupu ili tuaminiwe.

Upande wa Kenya aliingia garini mama mmoja, akakaa kiti cha pembeni yangu. Jina lake Anjeline. Ni mtu wa rika langu, mnene wa kupendeza, rozari shingoni, anauza mitumba Busia na nyumba yake iko Kisumu. Nilimuuliza mara moja: mtu wa Kisumu anatembezwaje Kisumu? Alinijibu kwamba ameishi mji huo maisha yake yote lakini hajawahi kuutazama kama mgeni, na mtu akikaa sana na kitu hukipita bila kukiona. Jibu hilo lilinifurahisha. Nikasema nimepata mwenzangu.

Nitakueleza ukweli, Nasifu, mimi najidai mjuzi wa kuuliza, lakini yule mama alinishinda. Yeye hakuulizi. Anakupa siri yake kwanza. Alinisimulia jinsi mkwe wake wa kwanza alivyomtoroka binti yake, tukasikitika pamoja, halafu akanyamaza. Sasa utanyamaza nawe? Nikamwambia nami nina binti wa ndugu yangu, nimemlea, ameposwa na kijana wa huko huko kwenu Kaloleni. Sikutaja majina. Nilijiambia, huyu ni mtu wa kanisa, mambo yetu ya posa na mahari yatamhusu nini? Angekuwa mama wa hijabu ningemwogopa, ningehesabu kila neno. Lakini mbele ya ile rozari nililegea, nikaongea kama niko jikoni kwangu. Akaniuliza binti ana tabia gani, nikamwambia ana heshima ila mbishi. Anapika? Anapika pilau nzuri, ila mandazi yake ni magumu, ya kupigia ukuta. Anjeline akacheka. Kisha, huku anamenya chungwa, akaniuliza na afya yake je.

Nikakumbuka maneno yako. Nikamjibu kwamba huyo binti ni chuma, hata malaria inamwogopa.

Akanipa kipande cha chungwa akasema vema.

Tulipita Ugunja, tukapita Luanda, na Maseno Rasto akasimamisha gari tuone mstari wa ikweta. Alisema mguu mmoja uwe kaskazini na mwingine kusini. Nilisimama hivyo kwa muda mzuri tu, sikuhisi chochote, nikamuuliza Rasto kama mvua nayo inaujua huo mstari. Kutoka hapo akaniita Mama Maswali na jina likanibakia. Mbele kidogo barabara inateremka, na ghafla unaliona ziwa lote limelala kule chini. Gari zima lilinyamaza. Hata Felistus alinyamaza, na huyo haachi kusema hata akiwa kanisani.

Mjini Rasto alituonyesha mnara wa saa, bandari, na mahali reli ilipofika ziwani zamani za Mzungu. Akasema mji huo ulipewa kwanza jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli, wakauita Port Florence. Nilitaka kujua kama huyo Florence alifika mwenyewe ama aliletewa habari tu. Rasto akasema alifika, na inasimuliwa kuwa yeye ndiye aliyepiga msumari wa mwisho wa reli. Nikauliza alikaa wapi, alipikiwa na nani, na wenyeji walipaitaje kabla yake. Rasto akajibu mawili, la kwanza akalikwepa. Lakini lililonikaa ni hili: alisema mpaka mwaka elfu moja mia tisa na mbili, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Wakubwa walisogeza mpaka kwa kalamu na watu wakaamka asubuhi wako nchi nyingine. Mimi nikamwambia Anjeline, kumbe basi binti yetu haolewi ugenini, anarudi kwao. Anjeline akasema mpaka wa serikali unaweza kusogezwa, mpaka wa mama mkwe je? Tukacheka sana. Sikujua alikuwa ananipima.

Ndipo tukaenda Dunga, kwenye mashua.

Nilikuwa na hamu ya hiyo mashua tangu Tororo. Walituvisha zile jaketi za kuelea, tukapangwa wawili wawili, tukatoka polepole kupita katikati ya matete. Nahodha alituonyesha ndege weupe, alituonyesha pua za viboko mbali, na magugumaji yaliyofunika maji mpaka ungedhani unaweza kutembea juu yake. Niliuliza kina. Niliuliza mtu akianguka pale chini ya magugu anaonekana? Nahodha akasema haonekani upesi. Kutoka hapo sikuwaona tena ndege.

Nilimwona Fauziya. Wallahi, nilimwona amekaa ukingoni mwa ile mashua. Wewe hujui maisha yetu hapa nyumbani, Nasifu, na sikulaumu, riziki yako iko barabarani. Mlango wa bafu letu hauna komeo, nililing'oa mwenyewe zamani. Fauziya akioga ni lazima aimbe, na mimi nakaa nje nachambua mchele namsikiliza. Akikatisha wimbo naita. Asipojibu naingia. Hachoti maji kisimani, wala hasimami peke yake kwenye jiko la kuni. Hivyo ndivyo alivyofika umri huu bila kovu la moto wala kunywa maji asiyoyataka. Na sasa nilikuwa katikati ya ziwa, kazi yangu ikiwa ni kumpeleka akaishi mji huo, kwa watu ambao hawatajua kwamba anatakiwa kuimba.

Hapo hapo Carol, binti wa Felistus, akainama ukingoni kupiga picha magugu. Shingo yake ikashuka mbele ghafla. Sijui nilivyofika. Ninachojua ni kwamba nilimshika kwa nyuma, nikamlaza ndani ya mashua kwa ubavu, nikamlegeza jaketi shingoni, nikamkunjia leso yangu chini ya kichwa, na nikawa nawaambia watu wasimbane, wampe hewa. Mashua iliyumba. Nahodha alipiga kelele. Na Carol ananitazama kutoka chini, macho yametoka, ananiambia, mama, mi niko sawa, simu ndiyo imenianguka.

Watu walicheka mpaka machozi. Felistus alisema Mama Maswali amekunywa maji ya ikweta. Nikacheka nami, huku nakung'uta leso yangu. Mtu mmoja tu hakucheka.

Tulipopanda ufukweni wenzangu wakakimbilia samaki. Anjeline alinishika mkono tukakaa kwenye benchi kando. Akasema amenitazama. Akasema mtu anayeokoa mtu wa kuzama humvuta mkono, lakini mimi nilimlaza kwa ubavu, nikalegeza shingo, nikaweka kitambaa chini ya kichwa. Hayo mtu hayafanyi kwa mara ya kwanza ndani ya mashua. Akaniuliza mimi huwa namlaza nani.

Ningeweza kusema ni mtoto wa jirani. Uongo ulikuja mpaka mdomoni, na mdomo wangu ulikuwa wazi. Kisha nikaliangalia lile ziwa, nikafikiri: nikimwoza Fauziya nikiwa nimefunga mdomo, nitakuwa nimemng'olea mlinzi wake kwa mikono yangu. Itakuwa nyumba ya watu wema, na watamwacha aoge mlango umefungwa, watamtuma jikoni, watamleta hapa Dunga siku ya Idd wampandishe mashua, na siku akianguka watamkimbia kwa hofu au watamtia kijiko mdomoni wamvunje meno. Aibu yetu itakuwa imepona, yeye atakuwa amekufa.

Nikamwambia Anjeline kila kitu. Nikamwambia kwamba asubuhi nilimdanganya, kwamba binti ana kifafa, kwamba baba yake amekataza nisiseme, kwamba namwogopa ndugu yangu lakini maji nayaogopa zaidi. Nikalia pale, mtu mzima na kilemba changu, mbele ya wauza samaki wa Dunga. Huo ndio ukweli, Nasifu. Nimelisema ulilonikataza. Kama unataka kununa, nuna sasa, lakini kunywa chai yako uendelee, maana hujafika mwisho.

Anjeline hakusema pole. Alinawa mikono, akamwendea Rasto akamwambia sisi wawili hatutakwenda soko la Kibuye na wengine, tutakutana kwenye gari jioni. Akasimamisha tuktuk, akamwambia dereva Kaloleni. Nilimuuliza tunakwenda wapi. Kwa mara ya kwanza siku ile hakunijibu swali.

Tulishuka mbele ya nyumba ya kuta za kijani, mlango wa mbao, ua umefagiwa vizuri. Mama mmoja mwembamba alitoka, akanisalimia kwa salamu yetu, akanishika mikono yote miwili na kusema, karibu shangazi yake Fauziya.

Nasifu, sikiliza sasa. Huyo ndiye Rukiyah, mama yake Shafiq. Na Anjeline ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta tangu wote wawili wakiwa maharusi. Wakati wewe unanituma mimi kuulizia kwao, wao walikuwa wamemtuma yeye kuulizia kwetu. Alikuwa amemaliza wiki nzima Busia na Tororo akiuliza habari zetu, kisha akasikia sokoni shangazi mtu amejiandikisha safari ya Rasto, naye akajiandikisha. Na walimchagua kwa akili. Walijua kwamba sisi wanawake wa Kiislamu wa Tororo tukimwona mgeni wa hijabu anauliza habari za binti tunageuka mawe. Wakamtuma wa rozari.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimgeukia Anjeline nikamwambia amekula chapati yangu na chungwa tumegawana, kumbe ananichimba. Akaniuliza na mimi nilikuja Kisumu kufanya nini. Rukiyah akatuambia tuingie ndani tugombane tukiwa tumekaa.

Mzee Nasrudin alikuwa ametoka kwenda kuswali alasiri na Shafiq yuko kazini Busia, kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu tu. Rukiyah si mtu wa kuzunguka. Aliniambia habari ya kifafa anaijua tangu kabla ya posa. Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema Fauziya. Siku ile ya kwanza Shafiq alipomwambia anamtaka, binti yako alimjibu kwamba yeye anaanguka kifafa, kwamba aende akafikiri, na akitaka kuondoka aondoke bila kuaga, hatamlaumu. Shafiq alirudi kwao akamweleza mama yake. Rukiyah alisema wazi kwamba hakufurahi. Alilia, alimsihi mwanawe amwache, alimtajia mabinti wengine. Shafiq akamjibu kwamba mtu aliyemwambia baya lake siku ya kwanza, hana wa kumlinganisha naye.

Basi Rukiyah akaridhika na msichana. Ambaye hakuridhika naye ni sisi. Alimtuma Anjeline akiwa na swali moja tu: watu wa Fauziya watasema au wataficha? Tungeficha, posa ingerudi. Alisema binti mgonjwa anaweza kumlea, lakini hawezi kujifunga na watu watakaomficha neno, kwa sababu siku atakapohitaji msaada wetu hatajua kama tunamwambia kweli. Ile kauli yangu ya asubuhi ya chuma na malaria ilikuwa imeshampotezea Fauziya mume, na mimi nikimenyewa chungwa. Ni ziwa lililomrudishia.

Nikamuuliza Rukiyah kama Anjeline amemweleza na huo uongo wangu. Akasema ndiyo, Anjeline alimpigia simu kutoka Dunga akaeleza vyote, hata malaria. Rukiyah akacheka, na mimi nikaona aibu, kisha tukacheka wote.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue karatasi. Alikunja upindo wa gauni, akateremka kutoka kwenye kochi, akalala chali juu ya mkeka wake mwenyewe, sebuleni kwake, mama mwenye wajukuu. Akaniambia, sasa nimeanguka, nifundishe.

Nilimfundisha. Nikamwonyesha namna ya kuondoa meza na kila kigumu kilicho karibu, namna ya kumgeuza kwa ubavu, kitambaa chini ya kichwa, kufungua mtandio shingoni. Nikamwambia asimshikilie kwa nguvu, asimtie kitu chochote mdomoni, asimmwagie maji, aangalie saa, na ikizidi dakika tano amkimbize hospitali. Nikamwambia povu haliambukizi, anaweza kumfuta kwa mkono wake na hakitampata kitu. Nikamwambia akizinduka huwa hajui yuko wapi na anaona aibu, kwa hiyo ukae naye, umwite jina lake, umwambie uko nyumbani. Rukiyah akayarudia yote. Kisha akataka kunigeuza mimi. Nami nikalala, akanigeuza, akaniita Fauziya, akaniambia uko nyumbani. Anjeline akawa anatusahihisha, rozari yake inaning'inia juu ya uso wangu. Kabla sijaondoka Rukiyah alikwenda akaliangalia komeo la bafu lake, akasema Shafiq atalitoa mwisho wa wiki.

Safari ya kurudi sikuuliza swali hata moja. Rasto alidhani naumwa.

Nyumbani nilimkuta Fauziya anakunja vitenge. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba alishasema. Akaniambia aliona jinsi tunavyoficha kwa bidii, akadhani akituambia tutaona amevunja heshima yetu. Kwa hiyo mtoto alikuwa anatuficha kwamba hafichi. Nasifu, tumemfundisha nini huyu?

Jibu la posa sijalitoa. Hilo ni lako, na wazee wa Kaloleni watakungoja urudi. Uliniuliza ni watu wa namna gani, na nimekueleza nilichokiona kwa macho yangu. Lakini kuna neno moja nimebaki nalo tangu Kisumu na halilali. Fauziya ameanguka mara nyingi katika nyumba hii, na wewe umekuwepo mara tatu au nne, na kila mara ulitoka nje. Siku ile ya Idd ulisimama uani umegeukia ukuta mpaka nilipokuita kwamba amezinduka. Najua si kwa kukosa upendo. Najua ulikuwa unalia. Ila mama mkwe wake anajua kumlaza binti yako, na wewe baba yake hujui. Ukija, kabla hujavaa hiyo kanzu kuwapokea wageni, nitatandika mkeka. Nitaanguka mimi, na utanigeuza mpaka ujue.

Felistus anakusalimu, na Anjeline pia, ambaye sasa hupita dukani kwangu kila akija upande huu na tunaulizana waziwazi. Majirani wote wanakuulizia. Kula vizuri, usiendeshe ukiwa na usingizi, na mpe Ochen jibu la mdomo kama kuandika kunakuchosha. Mungu akulinde njiani na akurudishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Hamidah
Tororo